Mwongozo kamili: kuzibaini na kuzipunguza kemikali za saratani kazini na nyumbani

Swali linalonifikia kila mara ni hili: "Kazini tunatumia dawa fulani, je, inaleta kansa?" Muulizaji anataja jina la biashara, anataka jibu la ndiyo au hapana, halafu anakwenda kununua barakoa. Baada ya miezi anarudi na swali lilelile, safari hii kuhusu chupa nyingine. Hatari aliyokuwa nayo bado iko palepale.

Anakwama kwa sababu ameanzia kwenye chupa. Sumu nyingi za saratani kazini hazimo ndani ya chupa yoyote. Vumbi la silika hutoka pale jiwe linapokatwa, moshi wa dizeli hutoka kwenye injini, na moshi wa kuchomelea hutoka pale chuma kinapoyeyuka. Hakuna atakayekubandikia lebo kwenye vitu hivyo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na shughuli za mikono yako, kisha chupa zinafuata.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari lenye jalada gumu. Usitegemee simu peke yake. Simu huibiwa na huharibika, na huenda ukalihitaji daftari hili baada ya miaka 30.
- Simu yenye kamera ya kupigia picha lebo.
- Karatasi ya taarifa za usalama ya kila bidhaa yenye kemikali. Iombe kwa mwajiri, kwa muuzaji, au itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.
- Intaneti ya kufungulia orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani. Orodha hiyo ni ya bure.
- Tochi yenye mwanga mkali na mwembamba.
- Siku nzima ya kazi ya kutazama kwa makini, ikiwemo saa ya usafi.

Onyo kabla ya kuanza: usinuse kopo ili kujua lina nini, na usivunje kipande cha paa, dari au bomba unachodhani kina asbesto (madini ya nyuzi laini yaliyotumika kwenye majengo ya zamani) ili ukikague. Kukivunja ndiko kunakorusha nyuzi zake hewani.

## Hatua ya 1: Andika shughuli zote za siku

Fuata siku ya kazi tangu asubuhi hadi mlango unapofungwa. Kwa kila shughuli andika: ni kitu gani kinakatwa, kinasagwa, kinachomwa, kinapuliziwa, kinamiminwa au kinapashwa moto? Kinatoa nini, vumbi, mvuke, moshi au matone? Inachukua muda gani? Nani yuko jirani, hata kama si kazi yake?

Vyanzo visivyo na lebo ndivyo vinavyosahaulika, kwa hiyo vianze:

- Kukata, kutoboa au kusaga zege, mawe, matofali na vigae hutoa vumbi la silika fuwele, linaloleta saratani ya mapafu. Mawe bandia ya kaunta za jikoni ni hatari zaidi, kwani mengine yana silika inayozidi asilimia 90.
- Kupasua na kupiga msasa mbao hutoa vumbi linaloleta saratani ya pua na ya matundu yaliyo nyuma ya pua.
- Kuchomelea. Moshi wake wote unahesabika, na ukichomelea chuma cha pua unaongeza kromiamu yenye valensi sita pamoja na nikeli.
- Injini za dizeli zinazowashwa ndani ya gereji, ghala au mgodi.
- Kubomoa au kukarabati majengo ya zamani yenye asbesto kwenye paa, dari, vigae vya sakafu au vifuniko vya mabomba ya moto.
- Masizi na lami ya makaa ya mawe.

Ndipo uje kwenye chupa, makopo na mapipa. Benzini imo ndani ya petroli na katika baadhi ya viyeyusho. Formaldehaidi imo katika gundi za mbao za viwandani, katika fomalini ya maabara na ya kuhifadhia maiti, na hutoka katika baadhi ya dawa za kunyoosha nywele zinapopashwa moto. Trikloroethilini husafisha grisi kwenye vyuma. Ethilini oksidi hutakasa vifaa vya tiba. Wauguzi na wafamasia nao wasijiweke pembeni: baadhi ya dawa za kutibu saratani, kama saiklofosfamidi, zenyewe zinaweza kusababisha saratani, kwa hiyo zisiguswe wala kuvutwa bila kinga.

Andika pia usafi na matengenezo. Kubadilisha vichujio, kuingia ndani ya tangi, kufagia jioni, kukung'uta mifuko ya vumbi: dakika 20 za shughuli hizi zinaweza kukupa dozi kubwa kuliko asubuhi nzima, na mara nyingi huachiwa kibarua mgeni ambaye hajaelezwa chochote. Hilo linaniumiza kila ninapolisikia.

Umefaulu iwapo mwenzako wa kazi ataisoma orodha na asipate shughuli uliyoiacha.

## Hatua ya 2: Pata jina halisi la kemikali

Jina la biashara halikusaidii. Mtengenezaji anaweza kubadilisha viambato akaacha jina lilelile, au akauza kitu kilekile kwa majina matatu.

Fungua karatasi ya taarifa za usalama. Kwa mfumo wa kimataifa ina sehemu 16, na huhitaji kuzisoma zote leo. Sehemu ya 2 inataja hatari, ya 3 inataja viambato, ya 8 inaeleza kinga na vikomo vya hewani, na ya 11 inaeleza madhara ya kiafya.

Katika sehemu ya 2 tafuta misimbo hii: H350 maana yake inaweza kusababisha saratani, H351 inashukiwa kusababisha saratani, H340 inaweza kuharibu vinasaba. Kwenye lebo, alama yake ni kifua cha mtu chenye nyota nyeupe, ndani ya almasi yenye fremu nyekundu. Watu wengi hutafuta fuvu la kichwa, wakilikosa wanatulia. Fuvu huonya juu ya sumu inayodhuru papo hapo. Kemikali inayoleta saratani baada ya miaka 20 inaweza isiwe na fuvu kabisa.

Katika sehemu ya 3 nakili namba ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kemikali, ya kila kiambato. Hiyo haibadiliki hata jina likibadilika. Benzini ni 71-43-2, formaldehaidi ni 50-00-0, trikloroethilini ni 79-01-6.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. Tazama tarehe ya karatasi, maana iliyoandikwa miaka 15 iliyopita inaweza kukosa uainishaji mpya. Pia, kiambato kilichothibitika kuleta saratani kwa kawaida hutajwa kikifika asilimia 0.1, chini ya hapo kinaweza kisionekane. Maneno ya "asilia" na "haina harufu" yaache yalivyo, hayasemi lolote kuhusu saratani.

Mwajiri akikataa kukupa karatasi hiyo, mkumbushe kwa adabu kwamba Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unampa mfanyakazi haki ya kujua kemikali anazotumia na kupata karatasi hizo. Uliza chama cha wafanyakazi au mkaguzi wa kazi kama nchi yako imeuridhia, au kama sheria yake ina kifungu cha namna hiyo.

## Hatua ya 3: Tazama uthabiti wa ushahidi

Tafuta kila jina na namba ya CAS katika orodha ya IARC. Kundi la 1 lina vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na vimezidi 120. Kundi 2A ni vinavyoelekea kuleta, 2B ni vinavyoweza kuleta, na Kundi la 3 ni vile ambavyo ushahidi wake hautoshi kuviainisha. Usisome "Kundi la 3" kama "salama".

Hapa ndipo wengi hupotea. Kundi linaonyesha uhakika wa wanasayansi, halipimi ukali wa kitu. Asbesto na nyama iliyosindikwa zote ziko Kundi la 1, ilhali hatari zake hazilingani hata kidogo. Ukali utaupima katika hatua inayofuata.

Angalia pia kama kazi yako yenyewe imeorodheshwa. Kazi ya kupaka rangi iko Kundi la 1, na mwaka 2022 kazi ya zimamoto nayo iliwekwa humo.

## Hatua ya 4: Chagua tatu za kuanza nazo

Ukijaribu kushughulikia kila kitu kwa pamoja utachoka wiki ya kwanza. Kwa kila kitu cha Kundi la 1 na 2A jiulize: kinaingia mwilini kwa njia gani, kwa wingi gani, na kwa saa ngapi kwa wiki? Pua ndiyo njia kuu, lakini viyeyusho vingi hupenya ngozi, na vumbi la mikononi humezwa pamoja na chakula.

Usiitegemee pua kupima. Nchini Marekani kikomo cha kisheria cha benzini ni sehemu 1 kwa milioni ya hewa kwa wastani wa saa 8, na pua za watu wengi haziinusi katika kiwango hicho. Ukiisikia harufu yake, umeshachelewa. Isitoshe, pua huzoea.

Kwa vumbi, tumia tochi. Punguza mwanga wa chumba, pitisha mwali wa tochi mahali kazi inapofanyika, kisha simama pembeni utazame kuelekea upande wa mwanga bila kumulikwa machoni. Chembe ndogo ambazo kwa kawaida huzioni zitang'aa. Utaona zinakotoka, zinakoelekea, na kama zinapita usoni mwa mtu. Tochi haitoi namba. Ukihitaji namba, muulize mwajiri amwite mtaalamu wa usafi wa mazingira ya kazi apime hewa unayoivuta. Ila kwa kumshawishi msimamizi asiyeamini, nimeona mwali wa tochi ukifanya kazi kuliko karatasi kumi.

Zungushia duara jekundu shughuli tatu zenye dozi kubwa.

## Hatua ya 5: Punguza, kwa mpangilio huu huu

Mpangilio una sababu yake. Hatua za juu zinamlinda kila mtu hata akiwa amechoka au amesahau. Za chini zinamtegemea mtu awe makini kila dakika. Anayeanzia kwenye barakoa ameanzia mwisho.

Kwanza, ondoa. Je, shughuli hiyo ni ya lazima? Mawe yanaweza kuagizwa yakiwa yamekatwa kwa vipimo. Injini inaweza kuzimwa wakati wa kupakia. Kunawa mikono kwa petroli au kiyeyusho cha rangi kukome leo; sabuni na mafuta ya kupikia huondoa grisi vizuri.

Pili, badilisha. Rangi ya maji badala ya rangi ya kiyeyusho, gundi isiyo na formaldehaidi. Ila mbadala nao uupitishe Hatua ya 2 na ya 3. Viwanda vilivyoacha trikloroethilini vikahamia kwenye bromopropani viligundua baadaye kwamba nayo huharibu neva, na IARC imeiweka Kundi 2B.

Tatu, kamata uchafu pale unapotokea. Hapa ndipo faida kubwa ilipo kwa kazi nyingi, na hapa ndipo makosa yanaporudiwa.

Kwa jiwe na zege, maji yamwagike kwenye bapa la msumeno muda wote wa kukata. Kulowesha jiwe mara moja kabla ya kuanza hakutoshi, kwani msumeno huingia sehemu kavu papo hapo. Tope lake liondolewe likiwa bado bichi. Likikauka linarudi kuwa vumbi.

Kwa moshi na mvuke, bomba la kufyonza lisogezwe karibu. Ukiliweka mbali na chanzo kwa umbali unaolingana na kipenyo chake, kasi ya hewa inayovutwa hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Bomba la sentimita 15 lililo sentimita 50 kutoka kwenye moto wa kuchomelea ni pambo. Hakikisha pia kichwa chako hakiko kati ya chanzo na bomba, la sivyo moshi unapitia puani mwako kabla ya kufika huko.

Feni ya kawaida haifyonzi. Inasambaza vumbi kwa wenzako.

Marufuku mbili zisizo na mjadala: kufagia vumbi kavu, na kulipuliza kwa hewa ya kompresa, iwe sakafuni au kwenye nguo. Tumia kitambaa chenye maji au kifyonza chenye kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Kifyonza cha nyumbani hurusha vumbi laini upande wa pili.

Nne, panga watu na muda. Fanya shughuli chafu wakati watu ni wachache, itenge kwa ukuta au pazia la plastiki. Kupokezana zamu kunapunguza dozi ya mtu mmoja, lakini kunaongeza idadi ya walioguswa, kwa hiyo kusitumike kama kisingizio cha kutofanya hatua ya tatu.

Tano, vifaa vya mwilini. Barakoa ya kitambaa na ya upasuaji hazizuii vumbi la silika wala mvuke. Kwa vumbi tumia kinga ya daraja la N95, FFP2 au, kwa silika na mbao, FFP3. Hata hiyo FFP3 inapitisha mvuke wa benzini bila kizuizi. Mvuke unahitaji barakoa yenye kopo la mkaa lililochaguliwa kwa kemikali husika, na linalobadilishwa kwa ratiba bila kungoja harufu. Ndevu, hata za siku mbili, huvunja mshikamano wa barakoa na ngozi.

Glavu nazo huchaguliwa kwa kemikali. Za mpira wa kawaida hazifai kwa viyeyusho. Za nitrili nyembamba hupenywa na dikloromethani, iliyomo katika baadhi ya dawa za kubandua rangi, ndani ya dakika chache tu, na mtu hajui kwa sababu glavu inaonekana nzima. Sehemu ya 8 ya karatasi ya usalama inataja aina inayofaa.

Onyo: asbesto haimo katika hatua hii. Ikiwa nzima na haijaguswa, iache. Ikiwa imevunjika, simamisha kazi, watoe watu, ita waliofunzwa na wenye kibali.

Umefaulu ukirudia jaribio la tochi na usione karibu chembe yoyote iking'aa kwenye mwali, na kitambaa kibichi ukikipitisha juu ya rafu ya jirani asubuhi hakitoki na vumbi jipya.

## Hatua ya 6: Usiibebe kwenda nyumbani

Wake na watoto wa wafanyakazi wa asbesto wamepata mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu, kwa sababu ya nguo zilizoletwa nyumbani kufuliwa. Vaa nguo za kazi kazini tu, ziache huko, oga kabla ya kuondoka. Zikilazimika kuja nyumbani, ziweke ndani ya mfuko uliofungwa, usizikung'ute, zifuliwe peke yake. Viatu vibaki nje. Usile wala kuvuta sigara penye vumbi au mvuke.

## Hatua ya 7: Kagua mazingira ya nyumbani

Maji. Maji ya visima katika baadhi ya maeneo yana aseniki isiyo na rangi, ladha wala harufu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Peleka sampuli maabara. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua kwa mvuke, aseniki inabaki na kukolea.

Radoni. Gesi hii hutoka ardhini na ni mojawapo ya sababu kubwa za saratani ya mapafu baada ya sigara. Hupimwa kwa kifaa kidogo kinachoachwa chumbani, vyema miezi 3. Shirika hilo linapendekeza kiwango kisizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo. Ikizidi, ziba nyufa za sakafu na ongeza uingizaji hewa, kisha pima tena.

Moto. Usichome plastiki. Usipikie wala kuota moto kwa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Mbao za zamani zenye dawa ya shaba, kromiamu na aseniki huacha sumu hizo kwenye moshi na jivu. Makopo ya viuatilifu yasigeuzwe ndoo za maji, hata yakioshwa mara ngapi.

## Hatua ya 8: Tunza daftari la maisha ya kazi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayowaumiza zaidi wagonjwa. Mesotelioma kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya kugusana na asbesto. Kufikia hapo kampuni imefungwa, bidhaa imebadilishwa jina, msimamizi amefariki. Mgonjwa anaulizwa athibitishe, na hana hata karatasi moja. Haki yake inapotea akiwa kitandani.

Mkataba namba 139 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1974, unataka kumbukumbu zitunzwe na wafanyakazi wapimwe hata baada ya kuacha kazi. Hata hivyo, andika ya kwako. Kwa kila kazi uliyofanya, tangu ya kwanza:

- Mwajiri, mahali, idara, mwezi na mwaka wa kuanza na kuacha.
- Shughuli ulizofanya na saa kwa wiki.
- Kemikali pamoja na namba za CAS, na nakala za karatasi za usalama.
- Kinga iliyokuwepo kweli, si iliyoandikwa ukutani.
- Matokeo ya vipimo vya hewa, damu au mkojo.
- Majina ya wenzako wawili watatu wanaoweza kushuhudia.
- Ajali: kemikali iliyomwagika, iliyokurukia, lini na kiasi gani.

Weka nakala ya pili kwa ndugu unayemwamini.

## Hatua ya 9: Mpelekee daktari ukurasa mmoja

Hakuna kipimo kimoja kinachoonyesha saratani zote, kwa hiyo usitumie akiba yako kwa "vipimo vya mwili mzima" vinavyotangazwa. Vipo vinavyolenga: hesabu ya chembe za damu kwa anayefanya kazi na benzini, picha za mapafu kwa aliyevuta silika au asbesto miaka mingi. Daktari hawezi kuvichagua kama hajui kazi yako, na madaktari wengi hawaulizi.

Fupisha daftari kuwa ukurasa mmoja. Omba uingizwe kwenye faili lako. Taja sigara kwa ukweli, kwa kuwa sigara pamoja na asbesto huzidisha hatari ya saratani ya mapafu kupita jumla ya hatari hizo mbili. Kuacha kuvuta kunasaidia hata kama asbesto ulishaivuta zamani.

Usingoje miadi ukiona damu kwenye mkojo hata bila maumivu, hasa kama umefanya kazi na rangi za viwandani. Pua iliyoziba au kutoka damu upande mmoja kwa wiki kadhaa kwa fundi seremala. Kikohozi kisichoisha, pumzi fupi au maumivu ya kifua. Kidonda cha ngozi kisichopona. Michubuko isiyo na sababu na uchovu mkali kwa aliyeshika petroli au viyeyusho. Dalili hizi mara nyingi zina sababu nyepesi. Nenda hata hivyo, na ukifika sema kazi yako kabla hujasema dalili.